Mashine ya Mama Mdogo Imefufuka

Jumatatu, 3 Machi
Duniani wanaoelewa kompyuta ni wawili: mimi na aliyeivumbua. Na yeye nina mashaka naye. Shule niliiacha kidato cha pili — hasara ni ya shule.

Mama mdogo anataka kuwauzia watu wa chuma chakavu kompyuta ya duka lake la kuchapa. Ukiiwasha, unaweza kwenda kunyoa ukarudi, bado inajifikiria. Nimemwambia nitaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Akauliza hiyo ni dawa au ugonjwa. Kisha: "Haya. Ila vitu vyangu vyote nivikute. Kimoja kikipotea, usikanyage hapa."

Jumanne, 4 Machi
Fundi simu wa mlango wa pili kaja kuchungulia. Eti mashine yenyewe inafaa kuzuilia mlango. Eti RAM yake inazidiwa na simu ya bibi yake. Nikamwambia akabandike vioo.

Nimehamishia mafaili kwenye flashi: barua za wateja, kadi za harusi, hesabu, kila folda. Kisha nikafuta diski yote. Safi kama sahani yangu baada ya kula.

Jumatano, 5 Machi
Nimeweka Linux: kioo cheusi asubuhi nzima. Fundi simu anapiga mluzi makusudi. Nikaondoa mbwembwe zote, nikaweka desktopu nyepesi kabisa — ikaamka! Hata feni imeacha kukoroma. Printa imetii. Mluzi umekatika. Baadaye kaninong'oneza kama naweza kumwekea na yeye. Apange foleni.

Alhamisi, 6 Machi
Wateja mpaka nje. Mama mdogo anachapa huku anatikisa mabega. Watu wa chuma walipokuja kawaambia, "Hapa hakuna maiti." Mbele za watu ananiita injinia. Mimi nani nikatae?

Mteja wa mwisho alipotoka, mama mdogo akavaa spika za masikioni. Akauliza pipa liko wapi. Pipa gani? Lile la taka, la kwenye kioo. Humo aliificha sauti ya marehemu baba mdogo akimwimbia. "Nani atachokora takataka, mwanangu?" Kumbe ndiyo maana kila siku anachelewa kufunga duka.

Kila folda niliibeba. Pipa sikulibeba. Injinia gani anahamisha taka?

Nimemwambia bado inafunguka. Ameketi, spika masikioni, anatabasamu, anasubiri. Mimi nimejibanza nyuma ya printa, naandika.

Haifunguki. Nimeifuta mimi.