Kiatu cha Gavana

Shoga, weka hiyo chai chini usome. Mama Vita wa idara ya historia kaingia ofisini sasa hivi, hajui acheke au alie.

Unajua ana madarasa matano, yote somo lilelile. Leo mkaguzi wa ubora wa ufundishaji kaenda kumkalia nyuma ya darasa. Na mkataba wake unaisha mwezi huu! Roho mkononi.

Mama Vita kauliza, "Wakulima waliasi kwa nini?" Mikono juu darasa zima! Kila swali, jibu. Akianza sentensi, wanaimalizia wao. Ule mzaha wake wa gavana aliyetoroka na kiatu kimoja, wakacheka kabla hajafika kwenye kiatu.

KABLA HAJAFIKA KWENYE KIATU, shoga! Hapo ndipo akagundua.

Somo hilo alishawafundisha wiki iliyopita. Hao hao! Kwa uchovu kachanganya madarasa. Na wale watoto, Mungu awabariki, wakamsitiri, hakuna aliyesema kwamba walishalisoma.

Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, jasho linamtiririka.

Mkaguzi kaja kumpa mkono. "Dokta, sijawahi kuona wanafunzi walioiva namna hii!" Mkuu wa idara naye meno nje: "Huyu mkataba tunamwongezea."

Mama Vita anashusha pumzi, mkaguzi akamgeukia mkuu: "Mwalimu hodari hivi, mbona mmempa madarasa matano tu?"

Kuanzia Jumatatu ana saba.