Kuku wa Chumba cha Wazazi

Kibomet, Kitale

Dada yangu mpenzi Nasimiyu,

Pokea salamu zilizo nyingi kuliko punje za wimbi ghalani kwa Mama, uzigawe hapo nyumbani kabla hazijapoa. Mimi ni mzima wa mwili. Je, miguu yako bado inavimba jioni? Mtoto anacheza? Mama aliniambia kwamba unakula udongo wa kichuguu kama ulivyokula mara ile. Ukinijibu usinifiche.

Barua hii usimpe shemeji akusomee mbele ya watu. Isome mwenyewe kwanza. Nimechukizwa, dada. Nimetafuta neno lingine lililo pole zaidi, la kufaa mwalimu wa shule, sikulipata. Chakula hakishuki. Nikinusa mafuta yanakaangwa kwa jirani natoka nje.

Tangu siku ile ulipobebwa kitandani kwenda hospitali ya misheni Lugulu, mto ukawa umejaa, na wanaume wakasimama ukingoni wakingoja maji yapungue, sijasahau ulivyorudi mikono mitupu. Hukulia mbele yetu. Ulisema jambo moja tu, kwamba Mungu akikupa mimba nyingine utakwenda kukaa karibu na hospitali kabla ya uchungu, si baada. Nami nikakuahidi chumba hapa kwetu Kibomet. Barua hii ni juu ya chumba hicho.

Hospitali yetu uliiona ulipokuja kunitembelea. Ni ile nyumba ya udongo waliyoianzisha watu wa kanisa na vibarua wa mtaani, yenye dresa mmoja wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na chumba kimoja kikubwa. Wanaume wanalala huku, wanawake kule, katikati kuna shuka iliyotundikwa kwenye kamba. Mwanamke akishikwa na uchungu anazaa nyuma ya shuka hiyo, na upande wa pili mwanamume anakohoa, mwingine anauliza kama uji umeiva. Ulisema ni heri kuzaa porini. Maneno yako niliyarudia kwa Mama Rispa, yule mama mnene anayefua nguo kwa Wazungu, naye akasema hata yeye alizaa nyuma ya shuka ile na hajasahau mtu aliyekuwa akipiga mluzi.

Hivyo tukaanza kujenga chumba cha wazazi peke yao, sisi wanawake wa kujitolea. Tulikanyaga udongo kwa miguu yetu, kuta zikasimama. Likabaki paa. Kamati ya hospitali, ambayo yote ni wanaume, ilisema paa liwe la mabati, maana nyasi ni za watu wa zamani. Tukakubali. Mwanamke wa Kibomet hana fedha mkononi, lakini ana kuku. Tukasema basi tutachanga kuku, tuwapeleke soko la Jumamosi, tununue mabati.

Kila nilipotoka shuleni nilipita mlango kwa mlango na kapu. Mjane mmoja alikuwa na kuku mmoja tu. Aliniomba ningoje, kwa sababu kuku huyo alikuwa ameingia kutaga. Nikakaa kwenye kigoda chake, tukanyamaza wote wawili kama watu walio kanisani. Kuku alipotoka, yule mama akanipa kuku, akanipa na yai. Na Mama naye alituma kuku wake mwekundu kutoka huko nyumbani, kwenye basi, amemfunga mguuni uzi wa buluu alioutoa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Alisema zawadi lazima ijulikane imetoka kwa nani.

Kuku wote tuliwaweka mle mle katika kuta zetu zisizo na paa, tukaziba juu kwa matawi. Mama Rispa alikuwa akiwachungulia asubuhi na kuwauliza, "Wazazi, mmelalaje?" Tulicheka sana siku zile.

Sasa sikiliza. Ilikuwa Alhamisi, soko bado. Mzee Eliya, mwenyekiti wa kamati, akaja anahema kutuambia kwamba bwana mmoja mkubwa wa baraza amesikia habari za bidii yetu na atapita kesho kutupongeza. Tukafurahi. Mimi pia nilifurahi, dada. Nilifagia uwanja. Halafu Mzee Eliya akasema mgeni kama yule hawezi kuja akaondoka bila kuku.

Hakuna aliyeona ubaya. Kuku mmoja ni nini? Hata kwetu mgeni akiingia, jogoo ndiye wa kwanza kujuta. Lakini bwana yule alikuja na motokaa mbili. Alikuwa na karani, na shemeji zake, na wazee wengine aliowaokota njiani. Wewe wajua desturi yetu. Mtu mzima wa heshima hapewi kipande cha kuku wa mwenzake, anawekewa wake mzima, na firigisi yake juu, aione. Akichinjiwa huyu na yule asichinjiwe, mmemtukana. Basi kila mlango wa motokaa ulipofunguliwa, Mzee Eliya alikuwa akitazama nyuma, upande wa kuta zetu, na kijana wa kisu alikuwa akiingia mle ndani tena.

Nilimfuata Mzee Eliya nyuma ya jiko nikamwambia, kwa adabu, kwamba hawa ni kuku wa hospitali.

"Na mgeni huyu amekuja kwa nani?" akaniuliza. "Si amekuja kwa hospitali?"

"Mzee, wale ni mabati yetu."

"Mwalimu, ungetaka tumpe bwana mkubwa mboga? Ati aende akaseme watu wa Kibomet ni wachoyo? Mtu akishiba, mkono wake hufunguka. Ngoja utaona."

Nami nikangoja. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi kuliko yeye. Wanawake wote walisikia, na kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani atakuwa wa kwanza kukataa, na hakuna aliyetaka kuitwa mchoyo. Tukainua vyungu. Wazee wa kike hawali kuku, unajua, ni mwiko wao mpaka leo ingawa wamebatizwa, kwa hiyo waliotoa kuku wale walisimama kwenye moshi wakiwapika bila kulamba hata mchuzi.

Mimi, kwa kuwa nina elimu, nilipewa heshima ya kunawisha wageni. Nilipiga magoti na beseni mbele ya kila mmoja. Meza zilikuwa zimetandikwa shuka nyeupe. Nilipozitazama vizuri nikaona ni zile shuka za vitanda tulizoshona wenyewe kwa ajili ya chumba cha wazazi. Bwana mkubwa alikula polepole, anasifu, anavunja mifupa na kuinyonya mpaka sauti yake inasikika. Firigisi aliila mwisho, amefumba macho. Kisha akafuta vidole, kimoja kimoja, kwenye shuka ambayo wewe ungelalia.

Alihutubia kwa muda mrefu. Alisema wanawake wa Kibomet wana moyo. Alisema tukifuga kuku kwa bidii zaidi hakuna jambo litakalotushinda. Mkono wake haukufunguka isipokuwa kwa kutupungia. Kamati ikasimama na kutangaza kwamba chumba cha wazazi kitaitwa kwa jina lake. Wakapiga makofi. Nami nilipiga, dada, mikono yangu ikiwa bado na maji ya kunawia watu.

Nikadhani yameisha. Mgeni akielekea motokaa, Mzee Eliya akanong'ona kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Walikuwa wamebaki kuku wawili. Wakafungwa miguu, wakawekwa nyuma ya motokaa. Nilisikia sauti zao mpaka kwenye kona.

Jioni tuliingia ndani ya kuta zetu kusafisha. Manyoya yalikuwa yamejaa humo, na kwenye pembe, pale tulipokusudia kuweka kitanda cha kwanza, lilikuwapo rundo la miguu ya kuku iliyokatwa, na nzi. Nikaikusanya kwa mikono. Mmoja ulikuwa na uzi wa buluu. Nilitoka nje nikatapika, na Mama Rispa akanishika kiuno kama mtu anayemshika mzazi. Shuka alizichukua kwenda kuzichemsha. Mama Rispa anaweza kuondoa wino na damu katika nguo za Wazungu, lakini mafuta yale yameacha alama ya manjano.

Jumapili baada ya ibada tulikaa chini, wanawake peke yetu. Wengine walisema tuache. Mjane wa yai alisema hana kuku mwingine. Mmoja akasema tuchange mahindi, mwingine akamuuliza kama wageni hawali ugali. Ndipo Mama Rispa, aliyekuwa akichora chini kwa kijiti, akasema:

"Tuchange nyasi. Mgeni si ng'ombe."

Dada, mtu mmoja akaguna, halafu tukacheka mpaka mzee wa kanisa akachungulia. Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na kicheko kiliniuma mbavu. Kiangazi hiki nyasi zimekauka vizuri. Kesho yake tulianza kukata kwenye mipaka ya mashamba, kila mmoja mganda kichwani. Mzee Eliya alikuja akasema hospitali ya nyasi ni aibu, na jina la bwana mkubwa haliwezi kuandikwa chini ya nyasi. Mama Rispa akamjibu bila kutua mzigo, "Basi lisiandikwe, mzee wangu. Pisha."

Sasa shida yetu ni moja. Mwanamke hapandi juu ya paa, na wanaume wa hapa wanaogopa kamati, wanasema watakuja na hawaji. Dresa amekubali kupanda, lakini hajui kuezeka. Shemeji anajua. Nyumba yako aliiezeka mwenyewe na haivuji. Namwomba, kwa heshima zote anazostahili, aje kabla ya mvua za masika, na wewe uje naye, mkae kwangu. Mwambie kwamba hapa hatapewa kuku. Atapewa ugali na mboga, na sitaona haya.

Kama hawezi kuja, nijulishe upesi, na wewe usije huku kwa sababu ya ahadi yangu. Nenda Lugulu mapema, kabla mto haujajaa, ukae kwa shangazi aliye karibu na misheni mpaka siku yako ifike. Nakusihi. Sitaki kuketi tena na kusikia kwamba watu walisimama ukingoni.

Nisalimie Kukhu, bibi yetu, mwambie sijaacha kusali. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, na mke wake mdogo aliyenitumia siagi. Mwambie shemeji ninamheshimu, ingawa barua hii inamwamuru.

Nilifikiri kumwandikia Mama kwamba kuku wake alinunua bati. Ningeweza. Yeye hajui kusoma na angefurahi. Lakini wewe mweleze jinsi ilivyokuwa, yote, hata firigisi. Uzi wake nimeuosha, umo ndani ya bahasha hii. Mrudishie. Mwambie akate nyasi mganda mmoja, aufunge kwa uzi huo, shemeji aje nao. Huo tutauweka juu ya kile kitanda cha pembeni, ili ukilala chali uuone.

Ni mimi, mdogo wako anayekungoja,
Nekesa