Anifa Selemani Wawili

Rukaya, nimefutwa! Kwenye orodha ya watakaopewa mizinga mipya ya nyuki, katika kikundi nilichokianzisha mwenyewe hapa Itigi!

Gasto wa kompyuta kaandika programu ya kupanga jedwali letu la Excel kwa amri. Amri moja inasema: jina likirudiwa, futa moja.

Shikamoo amenipa, jina akaninyima! Eti, "Bibi, Anifa Selemani yupo tayari."

Yupo tayari! Huyo mjukuu wangu! Mwanangu nilimpa jina la baba yangu, naye akampa bintiye langu. Nani hapa hajui kurithisha majina?

"Programu haikosei, bibi."

Nikavuta kiti. "Iamuru iangalie na mwaka wa kuzaliwa. Nangoja. Siondoki."

Akaandika mstari mmoja tu. Tumerudi orodhani kumi na wanne, Rukaya! Sote mabibi!