Santuri ya Bi Somoe

Shikamoo Baba Mdogo,

Nipo Kilwa Masoko, mvua ya rasharasha inanyesha na nimeshiba pweza wa nazi. Jana nilikwenda Kinjumbi kwa Bi Somoe, yule mama niliyeambiwa anayo santuri tuliyoitafuta mimi na wewe miaka yote bila kuiona. Aliitoa chini ya godoro, imefungwa kwa kanga, haina hata mkwaruzo. Gramafoni yake iliharibika zamani, kwa hiyo nikawasha kile kimashine changu cha betri pale barazani, wanawe na wajukuu wakasogea.

Gitaa likaanza, kisha ikaingia sauti nyororo ya msichana. Binti yake mkubwa akauliza, "Mama, nani huyu anaimba?"

"Mimi," akajibu Bi Somoe.

Wote wakacheka wakidhani ni utani. Basi naye akaanza kuimba pamoja na santuri, neno kwa neno, na kicheko kikakoma. Akawaeleza kwamba marehemu baba yao hakutaka mke mwimbaji, ndiyo maana alinyamaza tangu alipoolewa. Binti yake alilia. Tuliirudia mpaka betri zikaisha.

Wakati wa kuaga niliona haya hata kuiomba. Mwenyewe akanitia santuri mkononi. "Nenda nayo, mwanangu. Hawa nitawaimbia mimi."

Mungu akupe afya, Baba Mdogo, na masikio yako yabaki makali hivyo hivyo.

Mwanao akupendaye,
Hemedi