Mke wa Amirali

Hjulsta, Stockholm

Mke wangu mpenzi, Mama Neema,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ila asubuhi kifua kinanibana kidogo. Ninyi je? Goti la mama mkwe limepoa? Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu tunaulizana hali, mtandao unakatika, basi. Haya nataka uyasome mwenyewe, taratibu.

Unajua kazi yangu ni kulitunza lile kanisa la kale nililokutumia picha. Ndani yake kuna kaburi la amirali, mkuu wa manowari za mfalme zamani hizo, mtu wa ukoo mkubwa. Wamemchonga kwa jiwe jeupe, amelala chali na upanga wake, na ubavuni pake amelala mkewe. Huyo amirali nimempangusa vumbi usoni miaka minne sasa, nimemzoea kama jirani.

Jumamosi walikuja akina mama wa kwaya kutoka Tensta, Wakongo na Warundi. Bi Birgitta, msimamizi wangu, akaniambia, "Hawa ni watu wa lugha yako. Wasimulie wewe."

Nikavaa koti safi, nikasimulia. Mtu huyu alikwenda baharini akiwa kijana, akapanda cheo mpaka meli zote zikawa chini yake. Mfalme akampa mashamba ambayo farasi hayamalizi kwa kutwa nzima. Akaja mfalme mwingine, fitina zikaingia, akavuliwa cheo na kuzuiliwa nyumbani kwake. Vita vilipozuka tena wakamfuata kumbembeleza arudi melini, naye akakubali siku ile ile. Akawashinda maadui, kisha homa ikamuua huko huko melini. Akarudi ndani ya jeneza.

Walinisikiliza kimya, nami nikajiona mtu. Ndipo Mrundi mmoja, Mama Esperansi, akanyoosha kidole. "Na huyu mke? Miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anamngoja," nikasema.

"Mtu hangoji tu, mwanangu!"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Walipoondoka nikamuuliza Bi Birgitta. Kumbe mama yule alizaa watoto saba, akazika wanne mumewe akiwa baharini. Mashamba aliyaendesha yeye. Mumewe alipozuiliwa, yeye ndiye aliyekwenda kumpigia magoti mfalme. "Na mwaka ule wa kuzuiliwa," akasema, "ndio mwaka pekee walioishi pamoja mfululizo." Nami nilikuwa nimewasimulia wale akina mama kwamba amirali alikubali kurudi vitani siku ile ile, tena kwa kumsifu!

Mama Neema, nilikuficha jambo. Mwezi uliopita nilipewa mkataba mpya wa miaka mitatu. Nikaukubali pale pale mlangoni, ufagio mkononi, bila kukuuliza. Wakati naondoka nilikuambia miaka miwili. Huu ni wa tano. Baba yako alipofariki nilituma rambirambi, lakini sijui ulilala wapi usiku ule, wala nani alikushika mkono makaburini. Sijui Neema alipong'oka jino la kwanza alilia au alicheka. Sijawahi kukuuliza, na wewe kila mara unanijibu tu, "Sisi wazima."

Jumatatu nilimwambia Bi Birgitta kwamba mkataba siutaki tena. Akavua miwani. "Una hakika? Nafasi hii ataichukua mwingine."

"Na aichukue."

Nakuja mwezi wa saba, na nakuja kukaa. Kazi tutatafuta huko huko Kasulu. Najua utakuwa na hasira kwamba nilikuficha. Kasirika, lakini safari hii nitakuwepo nikusikie. Nimekukumbuka mpaka sauti yako naisikia jikoni huku, nageuka, hakuna mtu.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji Yohana fundi baiskeli, na shangazi yangu wa Heru Juu aliyenishonea sweta. Neema asilazimishwe kunisalimia. Nitakaa barazani mpaka aje mwenyewe.

Mumeo,
Baba Neema