"Hatuna Choo cha Wanawake"

Same, Jumatano jioni.

Upepo wa Same umenivua kitambaa kichwani mara tatu leo, na vumbi nimelila la kunitosha mwezi mzima. Niko barazani kwa shangazi, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Buti zangu mpya ziko pembeni, zimekakamaa kwa tope jekundu la Chome. Nimelia leo, halafu nimecheka, na vyote viwili vimeletwa na kitu kimoja.

Choo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nina wasomaji wapya wawili wiki hii (karibuni, na mmoja ni binamu yangu). Nasoma uhandisi wa migodi, mwaka wa tatu, chuo kiko Dar. Likizo hii natakiwa kufanya fildi wiki nane, yaani mafunzo ya vitendo mgodini, nisainiwe logibuku (daftari la kazi) kila wiki na kuirudisha chuoni. Bila logibuku hiyo, mwaka wa nne nausikia kwenye bomba. Mwisho wa kuripoti ni Jumatatu. Si Jumatatu ya mwezi ujao, ni hii hii inayokuja.

Usidhani nilikaa tu nikila mahindi ya kuchoma. Tangu Januari nimetuma maombi kwenye migodi ya dhahabu, ya almasi, ya makaa ya mawe, mpaka mmoja wa chumvi. Wengine walinijibu kwamba nafasi za wanafunzi zimejaa. Wengine walisema maombi yangu yamepokelewa, na mpaka leo yamepokelewa tu. Rehema, niliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu, alipata nafasi kwenye mgodi mkubwa Kanda ya Ziwa, kwa sababu mjomba wake yuko huko. Alituma picha kwenye grupu la darasa akiwa na kofia ngumu na riflekta, meno yote nje. Nilimwandikia "Hongera shosti" na vimoyo vinne, kisha nikazima simu nikanuna mpaka kesho yake. Najua ni vibaya. Naandika ili niache.

Kuna dada alitutangulia, huu ni mwaka wa pili tangu ahitimu, bado anaomba nafasi za wahitimu. Kila tangazo linamtaka mtu mwenye uzoefu. Aliniambia, "Mdogo wangu, fildi usiichezee. Siku ukihitimu, hiyo ndiyo kazi pekee utakayokuwa nayo ya kuandika kwenye CV." Maneno yake yamenikaa kama mwiba wa samaki.

Na nyumbani nako kuna mama. Mama hakuwahi kuibariki kozi hii. Alitaka niwe mwalimu. Kwetu Chome, juu milimani, neno mgodi halina harufu nzuri. Watu wanakumbuka udongo mwekundu ukishushwa na malori, na msitu wa Shengena uko pale juu, maji yetu yote yanatoka huko. Mama ananiuliza swali moja tu miaka yote mitatu: siku wakirudi kuchimba Shengena, wewe utakuwa upande gani? Namjibu kwamba ndiyo maana nasoma, ili siku hiyo awepo mtu wa kwetu anayejua kusoma ramani zao. Anaendelea kuchambua maharage.

Basi, wiki iliyopita shangazi akanipa habari ya machimbo ya jasi huku uwandani, nje kidogo ya Same. Jasi ndiyo ile inayotiwa kwenye saruji. Si dhahabu, hakuna kambi yenye kantini wala picha za kutamba kwenye grupu, lakini ni machimbo. Nikapanda juu ya jiwe nyuma ya kanisa, ndipo laini yangu inapokamata, nikapiga simu. Nilikuwa na mafua makali, sauti nzito kama ya mzee wa kwaya. Aliyepokea akaniita "kijana" tangu mwanzo mpaka mwisho. "Kijana, njoo Jumatano uonane na Injinia. Beba barua ya chuo na buti zako."

Sikumsahihisha. Hilo nalo naliungama hapa.

Buti alininunulia kaka yangu, ngumu kama ubao. Kwa hiyo Jumatatu, siku ya msaragambo, nikazivaa nizilainishe. Kwa msiokuwa wa kwetu: msaragambo ni kazi ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu, na safari hii tulikuwa tunazoa tope kwenye ndiva, yaani lile bwawa dogo tunalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Goti la mama linamsumbua, nikaenda mimi. Walivyonicheka! "Injinia kaja na viatu vya kiwandani, leo tope litatoka lenyewe!" Nilizama mpaka juu ya vifundo, nikapiga sepetu bega kwa bega na akina baba, na hakuna aliyeniuliza mwanamke anatafuta nini mle ndani.

Msaragambo una desturi yake. Nyumba iliyo jirani na kazi inafungua mlango. Maji ya kunywa, kivuli, choo, vyote vinakuwa vya watu wote siku ile, na kila anayekuja anampelekea mwenye nyumba kitu kidogo, hata ndizi mbili. Sikuwahi kulifikiria jambo hili. Ni kama kupumua, mtu hafikirii.

Jana nikashuka Same. Leo asubuhi saa mbili bodaboda akaniacha kwenye geti la machimbo. Tope la Chome lilikuwa limegoma kutoka kwenye buti hata kwa kisu.

Injinia ni mtu mzima, mpole, si wa huku kwetu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitika marahaba huku akiangalia nyuma yangu, kama vile kijana wa kwenye simu bado anakuja. Nikampa barua. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Binti, barua yako ni nzuri. Tatizo hapa hatuna choo cha wanawake. Hatujawahi kuchukua mwanafunzi wa kike. Nikikuchukua nitakutesa tu."

Nilidhani ni utani. Nikangoja acheke, hakucheka. Karani wake kwenye kona alijifanya anahesabu karatasi.

Hapo ndipo mdomo ukaniponza. Kupitia dirishani nililiona katapila likimega kilima, kijiko kimoja kinajaza nusu lori. Nikasema, na nakumbuka kila neno, "Injinia, mna katapila linalokula kilima kizima, limeshindwa shimo moja la choo?"

Hata karani aliacha kuhesabu.

"Binti," akasema polepole, "nenda salama."

Nikatoka. Nilitembea kwa hasira mpaka nje ya geti, halafu hasira ikaisha ghafla, machozi yakachukua zamu. Nilikuwa nimejifungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku nne zimebaki, jua linachoma, visigino vinawaka moto, na kichwani naisikia sauti ya mama ikisema ualimu, ualimu. Nitawaambia nini darasani? Kwamba nimekwama mwaka mzima kwa kukosa choo?

Mita kama mia kutoka getini kuna kibanda cha makuti na nyumba ndogo ya matofali nyuma yake. Mwanamke wa makamo alikuwa anageuza sufuria kubwa la makande. Aliponiona nakuja na machozi na buti nyekundu hakuuliza kitu, alivuta stuli kwa mguu akasema, "Kaa kwanza." Ndiye Mama Nuru. Anawapikia wachimbaji wale tangu machimbo yafunguliwe.

Nikamwamkia, nikaomba maji. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimebanwa tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikaomba na choo.

"Kipo nyuma, mwanangu. Kama kuna mtu ndani subiri kidogo, watu wa machimboni hawaishi kuja."

Nikasimama pale pale. "Watu gani wa machimboni?"

"Si hao wote? Chao kilitumbukia masika. Wanasema watajenga, watajenga, mpaka leo. Hata huyo Injinia wao anakuja kwangu. Mtu mzima anakuja anakimbia na kofia yake kichwani!"

Na kweli, mlango wa bati ukafunguka, akatoka dereva wa lori anafunga mkanda. Akasema, "Asante, Mama Nuru," akarudi zake kazini.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Nuru akadhani jua limenipiga. Nilipomsimulia, alicheka yeye sasa, mwiko mkononi, mpaka makande yakaanza kushika chini. Yaani machimbo hayana choo cha wanawake, sawa. Hayana cha wanaume pia! Wanaume wote wale wanafunguliwa mlango na mwanamke mmoja, na hakuna aliyewaambia watateseka.

Nilipotulia nikamuuliza kwa adabu kama naweza kukitumia kwa wiki nane. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama jua litachwa leo. "Sasa hicho nacho ni cha kuombea ruhusa? Nyinyi wa Chome vipi?"

Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Huwa nawakatalia. Leo nilinawa uso, nikafunga kitambaa upya, nikarudi getini.

Mlinzi alitaka kunizuia. Nikamwambia nimesahau kuomba radhi, na huo haukuwa uongo. Injinia aliponiona alishusha pumzi ndefu. Niliomba radhi kwanza, kwa moyo, kwa sababu ni mtu mzima na nilimjibu ovyo mbele ya karani wake. Kisha nikasema, "Injinia, suala la choo nimelimaliza. Nitatumia kile kile mnachotumia wote. Mama Nuru amekubali."

Karani aliinama chini ya meza. Sijui alikuwa anatafuta nini, ila mabega yalikuwa yanatikisika.

Injinia akaangalia dari, akaangalia meza, akaangalia buti zangu. "Hilo tope la wapi?"

"La Chome. Juzi tulikuwa tunazoa tope kwenye ndiva."

"Na wewe ulikuwa unazoa?"

"Ningekuwa nasimamia, buti zingekuwa safi."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kionekane. Akanyoosha mkono. Nikampa barua. Akatafuta mhuri kwenye droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akagonga. Akasaini.

"Jumatatu saa moja kamili. Na mambo ya katapila uyaache."

"Nitayaacha, Injinia."

Sitayaacha.

Nimempigia mama mchana. Nilitaka kuanza na mhuri, nimwambie nimepata, nimeshinda. Hakusubiri. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Na huko choo kipo?" Nikamsimulia yote, tangu jiwe la nyuma ya kanisa mpaka Mama Nuru. Nikajua sasa linakuja lile la ualimu.

"Huyo mama umempelekea nini?" akauliza.

Nilikunywa maji yake, nikala makande yake, nikatumia choo chake, nikaondoka mikono mitupu. Mimi niliyetoka msaragambo juzi! Nje ya Chome nilijifanya mgeni wa desturi yangu mwenyewe, kisa tu pale panaitwa kazini.

"Mkono mtupu haulambwi," mama akasema. "Njoo Jumamosi uchukue maharage. Nimeshayachambua."

Maharage yale alikuwa anayachambua tangu nilipomwacha. Yalikuwa ya mbegu, aliyoyatenga kwa kupanda. Miaka mitatu nimesubiri mama aseme neno moja zuri kuhusu masomo yangu, na sidhani kama atalisema kwa njia nyingine zaidi ya hii. Hayo machozi ya pili ya leo sikuyafuta.

Kwa hiyo mipango ni hii. Jumamosi napanda Chome, Jumapili baada ya ibada nashuka na debe la maharage. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu niko kwa Mama Nuru, naliweka mlangoni pake, kisha naingia getini kabla ya Injinia. Nimeogopa? Ndiyo, nimeogopa. Nitakuwa mwanamke peke yangu mle ndani, na wiki nane si mchezo. Lakini nimeshazama kwenye tope na wanaume wanaonicheka, na tope la ndivani lilitoka.

Shangazi ananiita nikaepue chai. Kabla ya kuinuka nimeifungua logibuku, ukurasa wa kwanza, nione wanataka nini. Kuna kisanduku kinachouliza: "Taja upungufu mmoja uliouona eneo la kazi, na pendekezo lako."

Nimeshakijaza. Kwa wino.