Ushuru wa Nyumba ya Bi Time

Wete, Jumanne, Mfungo Tatu

Wamenikata tena. Ushuru wa nyumba, ndani ya mshahara wangu, mimi mpangaji wa chumba kimoja!

Kosa langu ni adabu. Karani alipokuja kuandika nyumba, Bi Time, mwenye nyumba, alikuwa amekaa eda ya mumewe, hatoki mbele ya wanaume. Nikasimama mlangoni nikamjibia. Karani akaandika jina langu penye mwenye nyumba.

Leo nimemwomba alifute. "Mwenye nyumba aje mwenyewe." Na eda bado miezi miwili.

Hilo ningelivumilia. Lakini shemeji yake Bi Time keshasikia kitabu cha serikali kinasemaje. Jioni kanikabili barazani: "Unamdhulumu mjane?"

Nikaenda mlangoni kwa Bi Time, nikatoa salamu. Yeye aliyekuwa akiniita mwanangu hakuitikia. Nilimsikia akitia komeo.